Karama na Jirani Zake: Kukisoma Tena "Kusadikika"

Watu wetu wana desturi ya kuviacha vitabu vya shule huko huko shuleni. Kijana akishapita mtihani, kitabu hutiwa kwenye sanduku, sanduku likatiwa chini ya kitanda, na hapo ndipo mwisho wake. Miongoni mwa vitabu vilivyofikwa na msiba huo ni "Kusadikika" cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Wengi wetu twalikumbuka jina la Karama, na la Majivuno, na ile nchi inayoelea hewani, lakini twayakumbuka kwa namna ya mwanafunzi: nani alitumwa wapi, alirudi na nini, toa mifano mitatu. Mambo yenyewe yametutoka. Nasi twaona hiyo ni hasara kubwa, kwani kitabu hiki kinauliza, tena kwa adabu njema, swali ambalo nyumba zetu za pwani zimelikwepa kwa muda mrefu: Mwislamu mwema ana wajibu gani kwa nchi anayokaa, mbali na kuishi humo na kuzikwa humo?

Kilichotufanya tukifungue tena ni jambo dogo. Ndugu msomaji wa Kenya anajua kuwa Katiba ya 2010 imetaja ushiriki wa wananchi kuwa ni mmoja katika misingi ya utawala, na kwamba serikali za kaunti hulazimika kuwaita watu watoe maoni kabla ya kupitisha bajeti. Basi tuliitwa. Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi asubuhi, katika ukumbi ambao hatutautaja. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Karani alisoma karatasi zake, akauliza kama kuna mwenye neno, watatu wanne wakasema, kikao kikafungwa na soda zikagawiwa. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, baraza letu lilijaa pomoni, na kila mtu alikuwa na neno: mtaro wa maji machafu, taa za njia, zahanati isiyokuwa na dawa. Tulipouliza, "Jana mlikuwa wapi?" mzee mmoja tunayemheshimu sana alijibu, "Mwanangu, hayo ni mambo ya dunia, waachie wenye dunia yao." Watu wakacheka, maneno yakaishia hapo. Sisi tulirudi nyumbani na jambo lile likitukera, tukaufungua ule msanduku.

Kwa faida ya wasiokisoma, hadithi kwa ufupi ni hii. Kusadikika ni nchi iliyo hewani, nayo ina mfalme wake. Karama ashtakiwa na waziri Majivuno. Kosa lake ni kuwa amejaribu kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo wakubwa wake wangependelea raia wasijue sheria. Apewa siku sita za kujitetea. Badala ya kujieleza yeye, kila siku asimulia khabari za mjumbe mmoja aliyewahi kutumwa nje ya Kusadikika kutafuta maarifa ya kuitengeneza nchi. Wajumbe hao ni sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, na kati yao mmoja alikwenda hata mbinguni na mmoja akashuka ardhini. Kila mmoja alitaabika, akarudi na mambo mema, na malipo yake yakawa ni kifungo. Mwishowe Karama ashinda, na wale wajumbe wafunguliwa.

Jambo la kwanza la kulisifu ni hilo la Karama kutojitetea. Mtu aliye mbele ya hatari ya kupoteza maisha yake angetarajiwa kusema juu ya nafsi yake: mimi sikusema, mimi sikukusudia, nina watoto wadogo. Karama atumia siku zake sita kuwasemea watu waliosahauliwa gerezani. Hapo, kwa maoni yetu, mwandishi ametoa maana ya uraia bora kuliko vitabu vingi vya siasa: raia ni yule ambaye, akipewa nafasi ya kusema, humkumbuka asiyekuwapo. Tazama tena majina. Buruhani ni hoja iliyo wazi, Fadhili ni wema, Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni kuwa radhi, Amini ni uaminifu. Msomaji wa pwani ayasikia maana yake bila ya kufungua kamusi, kwa kuwa ni maneno ya chuoni na msikitini. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, aliyatoa huko huko kwa watu wake. Lakini yule mshtaki alimpa jina la Kibantu tupu, Majivuno, na sote twajua kuwa hilo nalo linapatikana msikitini.

Jambo la pili ni lugha ya Karama. Hatukani. Hapandishi sauti. Ampa mfalme heshima yake yote, kisha, ndani ya heshima hiyo hiyo, ambainishia kuwa amewafunga watu wake walio bora. Vijana wetu wa leo hudhani kuwa kumwambia mkubwa kweli ni lazima kumvunjia heshima, na wazee wetu nao hudhani kuwa kumheshimu mkubwa ni lazima kunyamaza. Wote wawili wamekosa, na kitabu hiki chaweza kuwapatanisha.

Wahakiki wengi wamekisoma kama fumbo dhidi ya serikali ya kikoloni. Hapana shaka fumbo hilo limo. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya Waingereza kwa miaka mingi, hakuwa na njia ya kuitaja Tanganyika kwa jina lake, akaipandisha hewani. Alifariki Juni 1962, hata mwaka mmoja haujatimia tangu uhuru wa tarehe 9 Disemba 1961. Lakini hatari ya tafsiri hiyo ni kuwa yatupa raha. Twasema: ah, hayo yalikuwa ya Mzungu, Mzungu kaondoka, kitabu kimekwisha kazi yake. Ndipo kinaporudishwa chini ya kitanda. Lau Majivuno alikuwa Mwingereza tu, kwa nini twamkuta hata katika kamati ya madrasa, pale mwenye kuuliza hesabu za michango huambiwa ana nia mbaya?

Pamoja na mapenzi yetu yote kwa kitabu hiki, tuna malalamiko matatu, na la kwanza ni jepesi. Safari zile sita zafanana mno. Mjumbe hutumwa, hupata mashaka, huona nchi yenye mambo mazuri, huorodhesha uzuri wake, hurudi, hufungwa. Ifikapo safari ya nne msomaji ameshajua mlango atakaotokea mjumbe, na orodha za mambo mazuri zasomeka kama khutuba iliyopita wakati wa sala.

Lalamiko la pili ndilo zito. Karama yuko peke yake. Buruhani alikwenda peke yake, na Fadhili, na Auni, hivyo hivyo hadi wa sita. Mjumbe anapofungwa, hatuoni jirani zake wakigonga mlango wa mtu kuuliza, "Huyu tuliyemtuma yuko wapi?" Wasadikika wamejaa katika kitabu kama watazamaji. Wasikiliza, wastaajabu, pengine wahuzunika, kisha waenda zao nyumbani. Shaaban Robert alitaka kutuonyesha ubora wa mtu mmoja, akaufikisha kileleni, lakini njiani akatuachia fikira mbaya: kwamba nchi hutengenezwa na mashujaa wachache, na kazi yetu sisi wengine ni kusubiri azaliwe Karama mwingine. Hiyo ndiyo fikira ya baraza letu siku ile ya Ijumaa. Kila mtu alikuwa akimngojea Karama aende ukumbini Alkhamisi.

Mafunzo tuliyolelewa nayo hayakuwa hivyo. Tukumbuke Hilful Fudhul. Kabla ya utume, Mtume wetu (S.A.W.) akiwa bado kijana, alikuja Makka mfanyabiashara kutoka Zabid ya Yemen akamuuzia bidhaa zake Al-As bin Wail, bwana mkubwa wa mji. Al-As akachukua mali na akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na kabila pale, wala ndugu, wala mdhamini. Akapanda jabali la Abu Qubays, lililo karibu na Al-Kaaba, akapaza sauti kuwaita Makureshi. Hapo akainuka Zubair bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume, na hakuinuka peke yake. Koo kadhaa zikakusanyika katika nyumba ya Abdullahi bin Judaan, zikaapa kuwa pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakenda kwa Al-As wakaichukua ile mali wakamrudishia mwenyewe. Mtume alikuwamo katika kiapo hicho, na baadaye, utume ulipokwisha mfikia, alisema kuwa lau angeitwa tena kwa jambo kama lile katika Uislamu angeitika. Tuzingatie: wenye kiapo kile hawakuwa Waislamu, kwani Uislamu ulikuwa haujaja. Walikuwa ni watu wa mji mmoja waliokubaliana juu ya haki. Wale wanaosema kushirikiana na jirani asiye wa dini yetu katika jambo la mtaa ni kulegea katika dini, wana kazi ya kulijibu hilo.

Na iko ile hadithi ya jahazi, iliyopokewa na Nuuman bin Bashir, nayo imo katika Bukhari. Watu walipigiana kura, wengine wakapata tabaka ya juu na wengine ya chini. Wa chini wakawa kila wakitaka maji hulazimika kupita kwa wa juu, wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote hughariki. Wakishikwa mikono, wote huokoka. Sisi watu wa pwani twaielewa hadithi hii mpaka mifupani, kwani tumepanda majahazi. La kuangaliwa ni kuwa watu wa chini hawakuwa waovu. Walikuwa na haja ya kweli, na kosa la wa juu ni kuwa hawakuwahi kuuliza wenzao wanapataje maji. Katika "Kusadikika" hakuna hata mmoja anayeuliza swali la namna hiyo. Chuki ni ya Majivuno, wema ni wa Karama, na raia ni mzigo wa jahazi.

Lalamiko la tatu ni juu ya ule mwisho. Karama ashinda kwa kuwa mfalme amesikia na moyo wake umegeuka. Twafurahi, maana nani asiyefurahi kumuona mfungwa akitoka? Lakini haki iliyokuja kwa kugeuka moyo wa mfalme, kesho yaweza kuondoka moyo ukigeuka tena. Hapa twataka kutoa mfano wa karibu, kwani si sawa kumhukumu marehemu bila ya kupima maneno yetu kwa mambo yaliyotokea.

Ndugu zetu Wamakonde wa Kwale asili yao ni Msumbiji. Wazee wao waliletwa, na wengine walikuja wenyewe, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa zama za ukoloni. Wakazaa, wakazika, wajukuu wakawa hawajui nchi nyingine. Lakini vitambulisho hawakuwa navyo. Asiyeishi maisha hayo hudhani kitambulisho ni karatasi tu. Bila yake huwezi kufungua akaunti benki, huwezi kuandikwa kazi ya maana, huwezi kupiga kura, simu yenyewe waandikisha kwa jina la mtu mwingine, na mtoto wako akimaliza shule hugota palepale ulipogota wewe. Sheria ya uraia ya 2011 ilikuwa imekwisha weka mlango kwa watu wasio na nchi waliokuwapo Kenya tangu uhuru wa 1963, tena mlango wenye muda maalumu. Basi sheria ilikuwapo, ile ile elimu ambayo Karama alitaka kuipoteza roho kwa ajili yake. Miaka ikapita, mlango upo na hapana aliyepitishwa.

Oktoba 2016 Wamakonde wakafunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakianza kwa miguu, wazee na akina mama wamo, wakisaidiwa na watu wa mashirika ya kutetea haki. Walipokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Februari 2017 wakaanza kuvipata, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na zikapigwa ngoma. Wapemba wavuvi wanaoishi ukanda wetu huu walingoja zaidi. Wao walitambuliwa Julai 2023.

Msomaji mwepesi atasema: mwaona, hata hapo haki ilitoka Ikulu, kwa neno la mkubwa, kama katika kitabu. Kweli, nasi hatukatai. Lakini angalia tofauti. Kusadikika ilituma mjumbe mmoja mmoja na ikamsahau. Kwale ilijituma yenyewe. Hakuna aliyeweza kuifunga Kwale nzima, wala kusingizia kuwa mtu yule ana wazimu au ana tamaa ya cheo. Na waliporudi, hawakurudi na khabari za nchi nzuri za mbali. Walirudi wakidai kilichoandikwa katika sheria ya nchi yao. Marehemu Shaaban Robert aliona sawasawa kuwa raia hawana budi kuijua sheria. Hakutuonyesha kuwa sheria inayojulikana na mtu mmoja ni sawa na kisima chenye ndoo bila ya kamba.

Nasi tulizaliwa na uraia mkononi, tena wengi wetu tumelalamika, na kwa haki, juu ya maswali ya ziada ambayo Mwislamu wa pwani ameulizwa miaka nenda miaka rudi anapokwenda kuomba kitambulisho: babu yako alizaliwa wapi, na baba yake babu yako? Mtu aliyeulizwa hayo mara tatu huona uraia ni kitu cha kupewa kwa masimango, hakuna cha kufurahia. Twafahamu. Lakini ikifika sikukuu ya Jamhuri, 12 Disemba, sisi huifanya siku ya kulala, na wale waliongoja tangu enzi za mkonge huipigia ngoma. Twadhani wao ndio walioifahamu thamani yake.

Neno moja zaidi juu ya kitabu. Tulipokuwa tukikisoma nyumbani kwa sauti baada ya Isha, sura moja kwa usiku mmoja, binti yetu aliye kidato cha pili aliuliza: "Baba, katika nchi hiyo wanawake wako wapi?" Mshtaki ni mwanamume, mshtakiwa ni mwanamume, wajumbe wote sita ni wanaume. Tulijaribu kumjibu kuwa ndivyo walivyoandika watu wa zamani, na mama yake akatukata maneno. Akamtajia Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 1955, miaka minne tu baada ya kitabu hiki kutoka, alishika uongozi wa akina mama wa TANU na akawaingiza katika chama kwa kupitia vikundi vyao vya ngoma. Mwandishi wa makala haya si mpenzi wa ngoma na amewahi kusema hivyo katika kurasa hizi. Lakini haki isemwe: wale wanawake walikuwa tayari na mwenyekiti wao, mweka hazina wao, michango yao na utaratibu wao, wakati wanaume wengi wenye vilemba walikuwa wakinong'ona. Walizoea kufanya jambo pamoja, na mazoea hayo yakawafaa siku ya siku. Shaaban Robert aliishi katika Tanganyika hiyo hiyo, na lau angalitega sikio uani kama alivyolitega barazani, huenda Karama asingalikuwa peke yake kiasi kile.

Kwa mwenye kutaka kukisoma na watoto, twashauri asiwape kwa mpigo. Usiku mmoja, safari moja. Maneno mengine ni magumu na yataka mtu mzima karibu. Na kila mjumbe anapotiwa gerezani, kitabu kifungwe, mtoto aulizwe: lau wewe ungalikuwa jirani yake, kesho asubuhi ungalifanya nini? Wa kwetu mdogo alisema angalimpelekea chakula. Wa pili alisema angaliwaamsha watu wote wa mtaa waende pamoja. Walibishana hadi tukazima taa.

Ama ule mtaro, baraza letu limeandika barua. Mzee aliyesema hayo ni mambo ya dunia ndiye aliyetia sahihi ya kwanza, baada ya maji yale kumfikia mlangoni, na akina mama wa nyumba za nyuma wametia sahihi zao kwenye karatasi ya pili kwa kuwa ya kwanza ilijaa. Barua ilipelekwa na watu saba badala ya mmoja, na karani aliyeipokea alilazimika kwenda kutafuta viti. Jawabu halijafika hadi tunapoandika haya; tumeambiwa turudi Jumatatu.